Kimya cha Jando na Kimya cha Duka

Wahenga wa pwani walituachia msemo kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Msemo huu tumeuzoea mno. Tunautumia katika siasa, katika mambo ya ndoa, na hata katika ugomvi mdogo wa barazani. Lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza kinyago hicho kilichongwa wapi, na aliyekichonga alikuwa nani. Msemo wenyewe unamgusa mchongaji kwa neno moja tu, "mwenyewe", kisha unampita.

Mtu akitembea katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, tangu Shangani hadi Mtaa wa Gizenga, ataviona vinyago vya mpingo vimejipanga milangoni mwa maduka: wazee wenye mikongojo, kina mama wenye mitungi kichwani, mashetani ya jicho moja, na minara ya watu waliobebana mabegani. Siku moja nilisimama mbele ya mnara mmoja wa aina hiyo, wenye watu wasiopungua ishirini katika gogo moja, nikamuuliza muuzaji, "Hiki kachonga nani?" Akanijibu, "Wamakonde." Nikamuuliza tena, "Mmakonde gani?" Muuzaji akacheka, akadhani ninamtania.

Naamini asingecheka lau ningemuuliza shairi fulani katunga nani. Sisi watu wa ushairi ndio tunaoulizana jina la mtungaji hata kabla ubeti wa pili haujasomwa. Watunzi wa tenzi wa zamani walikuwa na ada ya kujitaja katika beti za mwisho, jina na mara nyingine ukoo na mwaka, ili mnakili asije akaipoteza nasaba ya kazi. Shairi lililopotewa na mtungaji wake tunalihesabu kuwa yatima. Iweje basi kinyago, kilichomgharimu mtu siku nyingi za tezo na patasi, tukiridhie kikiwa na jina la kabila peke yake?

Makala haya yanakusudia kulitafutia swali hilo jawabu kwa kuifuata njia itokayo Masasi na kupanda Newala, katika uwanda wa juu wa Umakonde, kisha kurudi nayo mpaka mjini. Hoja yangu ni moja. Kutotajwa kwa mchongaji kuko kwa namna mbili. Kuna kimya cha jando, ambacho ni sheria na kina heshima yake; na kuna kimya cha duka, ambacho ni hasara tupu. Asiyeweza kutenganisha kimya hiki na kile atamdhulumu mchongaji huku akidhani anamsifu.

Tuanze na deni la historia, kwani kisiwa hiki na Masasi si wageni wao kwa wao. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule yule aliyezikusanya hadithi za Kiswahili za Unguja na aliyesimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa, alifunga safari pamoja na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Walipita Lindi wakaingia bara. Nia ilikuwa kuwafikisha watu wale karibu na makwao, upande wa Ziwa Nyasa. Lakini walipofika Masasi, chini ya vilima vya mawe vilivyosimama peke yake katika tambarare, walipapenda wakajenga. Basi mji ule una msingi uliowekwa na watu waliotoka hapa kwetu, na Kiswahili cha Unguja kilifika huko pamoja nao. Baadaye na Wamakonde nao wakaja visiwani kufanya kazi mashambani, wakaja na ngoma zao. Tumepeana watu, tumepeana maneno. Hatujapeana majina ya wachongaji.

Masasi yenyewe iko chini, katika nchi wanayoishi kwa pamoja Wamakua, Wayao na Wamakonde. Newala iko juu, penye ukingo ambapo ardhi hukatika ghafla, na mtu akisimama mahali paitwapo Shimo la Mungu hulitazama bonde lote la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake. Juu ya uwanda huo mchanga huinywa mvua upesi, na vizazi kwa vizazi wanawake waliteremka mabondeni kuteka maji wakapanda nayo kichwani. Nalitaja jambo hili kwa sababu mama mwenye mtungi, ambaye mgeni humnunua akidhani ni pambo, kwa mtu wa Newala ni habari ya kila siku iliyoumiza shingo za bibi zake.

Sasa tuingie katika kimya cha kwanza. Katika uwanda huu, kama ilivyo ng'ambo ya Ruvuma katika uwanda wa Mueda, kinyago cha asili hakikuwa kitu cha kuwekwa mezani. Kilikuwa kitu cha kuvaliwa na kuchezwa. Wacheza vinyago, ambao upande wa Tanzania huitwa midimu na upande wa Mueda mapiko, hutokea wakati wa sherehe za jando na unyago, vijana wanaporudishwa nyumbani wakiwa watu wazima. Kinyago cha namna hii huchongwa kwa mti mwepesi, kwa kuwa mtu atakibeba kichwani au usoni akirukaruka nacho. Mara nyingi mistari ya chale huumbwa juu ya uso wake kwa nta ya nyuki, na midomo yake huwekewa ndonya kama walivyokuwa wakiwekewa mabibi. Kiko pia kinyago cha kiwiliwili: matiti na tumbo la mwanamke mjamzito, lililochorwa chale kuzunguka kitovu, na anayelivaa ni mwanamume. Sijui kama mbunifu yeyote wa mavazi katika miji mikubwa ya dunia amewahi kubuni vazi la ajabu kuliko hilo, linalomtaka mwanamume aibebe mimba mbele ya kijiji kizima na acheze nayo.

Kinyago hiki hakina saini, na hakipaswi kuwa nayo. Wanawake na watoto wasiotahiriwa hutakiwa kuamini kuwa kile kichezacho si mtu, ni mzimu uliorudi. Kijana anapoingia jando hufunuliwa siri: chini ya nta na mti kuna mtu, tena pengine ni mjomba wake. Hapo ndipo msemo wetu wa pwani unapopata maana ambayo sisi wenyewe hatukuijua. Kinyago hakimtishi tena kijana kwa sababu sasa anajua kilichongwa na nani. Lakini jando halimruhusu atoke akatangaze. Humfundisha kujua na kunyamaza, na huko kunyamaza ndiko kuwa mtu mzima. Bila shaka wanawake wengi nao wanajua, nao wananyamaza. Kijiji kizima hushirikiana kuilinda siri ambayo karibu kila mtu anayo. Mchongaji hatajwi, lakini hakupotea. Yuko katika vifua vya watu wote wa kijiji.

Wageni walianza kuvichukua vitu hivi mapema. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig katika Ujerumani, alipita Masasi akakaa Newala kwa wiki kadhaa. Alibeba kamera ya picha zitembeazo na mashine ya kunasia sauti kwa mitungi ya nta, akazinasa ngoma na nyimbo za watu wa huko. Na alikusanya vinyago, na vile vikasha vidogo vya ugoro na dawa ambavyo vifuniko vyake huchongwa sura za watu na wanyama. Lakini alifanya na jambo jingine lisilokumbukwa sana: aliwapa watu karatasi na kalamu, akawaomba wachore. Michoro mingine aliichapa kitabuni pamoja na jina la mchoraji, akiwemo mnyapara wa wapagazi wake aliyeitwa Pesa Mbili. Tazama jambo hili linavyofundisha. Mtu aliyeshika kalamu kwa mara ya kwanza kwa nusu saa amebaki na jina lake miaka mia na zaidi, na aliyeshika tezo maisha yake yote akaitwa "Mmakonde". Kwa macho ya mkusanyaji, karatasi ina mwenyewe na mti hauna.

Kutoka hapo ndipo kimya cha pili kilipoota mizizi, na mpingo ndio uliokikuza. Katikati ya karne ya 20 Wamakonde wengi walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakiikimbia kazi ya shuruti ya Wareno, wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge, na baadhi yao wakafika Dar es Salaam wakachonga kwa ajili ya wanunuzi. Samaki Likankoa ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa mwanzilishi wa mtindo wa mashetani katika miaka ya 1950, na Roberto Yakobo Sangwani anahusishwa na ule mnara wa watu waliobebana, ambao baada ya Azimio la Arusha la 1967 ulipata jina la "ujamaa". Mfanyabiashara Mohamed Peera alivinunua na kuvitafutia soko vinyago hivi vipya. Majina haya yamo vitabuni kwa atakayeyatafuta. Dukani hayamo.

Hapa mkosoaji hana budi kutazama uzito wa vitu. Mti wa kinyago cha ngoma ni mwepesi. Mpingo ni mzito kama jiwe. Kinyago chepesi huhitaji mwili wa mtu ndani yake ndipo kiwe hai, na mpingo hauhitaji mtu: husimama peke yake, hung'arishwa, hupakiwa. Kinyago cha ngoma kilichakaa na kutupwa, maana thamani yake ilikuwa katika siku ya kuchezwa. Mpingo umekusudiwa kudumu katika sebule ya mtu asiyeijua Newala iko wapi. Sisemi kwamba mpingo ni sanaa duni. Mashetani yaliyochongwa na mabingwa wale, yenye viungo vilivyosokotana na matundu ambamo mwanga hupenya, ni katika kazi kubwa za bara letu. Nasema tu kwamba mpingo ulipopoteza mchezaji, ulipoteza pia kijiji kilichokuwa kikilijua jina. Kimya kikabaki, siri ikaondoka. Na kimya kisicholinda siri yoyote ni usahaulifu tu.

Iko kesi moja inayoonyesha hatari ya usahaulifu huo. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam yalivunjwa, vitu kumi na saba vikaibwa, na miongoni mwao kilikuwamo kinyago cha Kimakonde cha kuvaliwa kichwani. Mwaka uliofuata kinyago hicho kilinunuliwa Paris na Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, na mwaka 1990 mtaalamu mmoja akakitambua. Tanzania ililipeleka shauri mbele ya kamati ya UNESCO mwaka 2006, na tarehe 10 Mei 2010 mkataba ukatiwa saini Paris: kinyago kitarudi nyumbani. Lakini tuyasome maneno ya mkataba kama tunavyoyasoma maneno ya ushairi. Makumbusho yale, yaliyosema yalikinunua kwa nia njema, hayakurudisha kinyago, yalikitoa zawadi. Aliyeibiwa alipewa zawadi mali yake! Kwa muda wa miaka ishirini wanasheria walibishana juu ya mnunuzi, mwizi, na nchi mbili. Jina la aliyekichonga halikuingia katika mjadala, wala jina la aliyekicheza. Laiti lingekuwa limeandikwa tangu siku ya kwanza, huenda hata mwizi angepata taabu zaidi kukiuza, kwani kitu chenye nasaba ni kigumu kufichika.

Sasa nije kwa mtu aliyekivunja kimya cha duka, tena akakivunja kwa Kiswahili. George Lilanga alizaliwa mwaka 1934 katika wilaya ya Masasi, akafariki Dar es Salaam mwezi Juni 2005. Alichonga tangu ujanani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliingia Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, na kazi aliyopewa kwanza ilikuwa ya ulinzi. Jambo hili lina kejeli yake, maana katika mizaha ya mjini Mmakonde alikuwa ama mlinzi wa usiku ama mchonga vinyago, na Lilanga alikuwa vyote viwili. Lakini mlinzi huyu akaanza kuchora kwa wino, kuchapa kwa mabamba, kutia batiki, na hatimaye kupaka rangi juu ya mbao na turubai. Kazi zake zikaingia katika mkusanyo wa Jean Pigozzi, na zilikuwamo katika maonyesho makubwa ya Africa Remix yaliyoanzia Düsseldorf mwaka 2004, yakapita London, Paris na Tokyo, yakaishia Johannesburg mwaka 2007. Lilanga alifariki maonyesho hayo yakiwa bado yanazunguka. Mcheza kwao hutunzwa, lakini huyu alitunzwa ugenini kwanza.

Asiyewahi kuiona kazi yake ajaalie uwanja uliojaa viumbe hata hapana pa kutia mguu. Masikio yao ni makubwa kama majani ya mgomba yaliyokunjwa, midomo inaning'inia, matumbo yametuna, vidole havitimii vitano. Wamevaa mashati na magauni ya madoadoa na mistari ya rangi kali. Wanacheza ngoma, wanakunywa, wanabeba mizigo, wanapelekana hospitali, wanasutana. Ni mashetani, lakini mashetani wasiotisha mtu. Wana shida za mshahara na jirani.

Wakosoaji wa Magharibi wamependa kumlinganisha na Keith Haring, yule mchoraji wa New York aliyeanza kwa kuchora katika vituo vya treni za chini ya ardhi. Ulinganisho huo si wa uongo kabisa, kwani wote wawili wanapenda mstari mzito na umati wa watu wasio na mapengo kati yao. Lakini unamfikisha msomaji mahali pasipo pake. Mtu wa Haring ni alama: hana sura, hana umri, hana ukoo. Kiumbe wa Lilanga ana ukoo hadi kwa shangazi. Zaidi ya hapo, anasema.

Na hapa ndipo penye kiini cha ukosoaji wangu. Kazi nyingi za Lilanga zina majina ya Kiswahili ambayo kwa hakika si majina, ni sentensi kamili. Mtu anamlaumu mwenziwe; mwingine anajitetea; mama anaonya; mzee anasimulia. Ni maneno yaliyookotwa barazani na sokoni, yakawekwa chini ya picha kama yalivyo. Katika vitabu vya maonyesho maneno haya hutafsiriwa kwa ufupi au huachwa kama pambo la kigeni, na mtazamaji wa ugenini huyapita akienda kwenye rangi. Mtazamaji wa pwani hawezi kuyapita. Tangu utotoni tumezoea kitu chenye picha juu na maneno chini, ambacho maneno yake humlenga mtu fulani asiyetajwa. Kitu hicho ni kanga. Hakuna mwanamke wa Unguja anayenunua kanga kwa mji na pindo tu. Husoma jina kwanza, akafikiri atakayelisoma mgongoni mwake ni nani. Ukimsoma Lilanga kama kanga, picha inafunguka: unaanza kumtafuta katika umati yule anayesema, na yule anayesemwa, na wale wanaojifanya hawasikii. Ukimtazama bila maneno, unaona vikaragosi vyenye furaha. Nusu ya kazi imebaki nje ya mlango.

Kwa sababu hii nasema kwamba Lilanga ni wetu sisi wapenzi wa ushairi kabla ya kuwa wa makumbusho. Aliyafanya mashetani yaongee kwa mafumbo. Alichukua umbo la siri la uwanda wa Umakonde akalivisha lugha ya baraza la pwani, na alipofanya hivyo alilirudisha lile lililopotea katika mpingo, yaani kijiji kinachojua nani anasemwa. Hata katika sanamu zake za mbao alizozipaka rangi naona marejeo hayo. Wapenzi wa mpingo walizoea kung'arisha mti mpaka ukawa kama kioo cheusi, na rangi kwao ni kama matusi. Lakini kinyago cha ngoma kilikuwa na rangi, na nta, na nywele pia. Kwa kupaka rangi Lilanga hakuuacha Umakonde. Aliuruka mpingo akaangukia kwa babu zake.

Ukosoaji usio na lawama ni sifa za harusini, basi na mimi nitoe yangu. Soko lilipompenda Lilanga, lilimtaka arudie. Katika kazi za miaka yake ya mwisho, aliposumbuliwa na kisukari na kusaidiwa na wengine kupaka, kuna picha ambazo umati umejaa lakini hakuna anayemwambia mwenziwe kitu. Viumbe wamepangwa kama madoa ya kitambaa, na sentensi iliyo chini haina mwenyewe humo ndani. Ni kinyago cha duka kwa rangi nyingine. Kosa hilo si lake peke yake, maana sisi tunaoisoma lugha yake hatukuwapo kumwambia kwamba picha fulani imenyamaza. Walionunua hawakujua kama ilikuwa ikizungumza.

Katika miaka ya karibuni jina hili limepata maisha mengine, mbali na mti na rangi. Kijana Rajab Abdul Kahali, mzaliwa wa Chitohori katika wilaya ya Tandahimba, juu ya uwanda huo huo na jirani kabisa na Newala, alijulikana kwa wimbo "Aiyola" mwaka 2015 kwa jina la Harmonize. Alipoondoka katika kundi la Wasafi mwaka 2019 alisimamisha lebo yake akaiita Konde, na yeye mwenyewe akajiita Konde Boy. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa biashara tu. Mimi naliona kuwa zito. Neno ambalo vijana wa kusini walilificha walipofika mjini, wakibadilisha lafudhi na kusema wametoka Mtwara mjini, limeandikwa juu ya fulana na kuimbwa viwanjani na watu wasio na nasaba yoyote na Newala. Pale dukani kabila lilimmeza mtu. Huyu mtu mmoja amelishika kabila akalivaa, na kila mtu anajua aliyelivaa ni nani.

Hata hivyo fulana si kinyago. Katika nyimbo zake zilizovuma sana nimesikia Dar es Salaam, nimesikia Lagos, nimesikia Kinshasa. Uwanda wenyewe nimeusikia kwa mbali, kama mtu asikiavyo ngoma upepo ukigeuka. Hilo si kosa la jinai, na msanii hana wajibu wa kuwa makumbusho ya kijiji chake. Lakini ukimweka kando ya Lilanga utaona tofauti. Lilanga alitoa maneno ya watu wake na jina lake likafuata polepole. Kwa Konde Boy jina limetangulia, maneno tunayangoja. Ana umri wa kutosha kuyaleta, na mimi ni miongoni mwa watakaofurahi siku yatakapofika.

Nirudi sasa katika duka la Mji Mkongwe. Siombi kwamba kinyago cha jando kivuliwe nguo mbele ya watalii. Kinachochezwa Newala kwa siri kibaki na siri yake, na mkosoaji anayejua na anyamaze kama alivyofundishwa kijana. Lakini kilichotolewa nje, kikawekwa bei, kimekwisha kuvunja siri. Hakina tena sababu ya kunyamaza. Aliyekiuza anajulikana, na aliyekinunua amepewa risiti. Aliyekichonga naye apewe kikaratasi cha ukubwa wa kidole, chenye jina na mahali. Makumbusho zetu zianze, kwa kuwa zina wino na wasomi. Maduka yatafuata yakiona kwamba mnunuzi anauliza. Na picha ya Lilanga ikitundikwa popote, iwe Paris au Dar es Salaam, sentensi yake ya Kiswahili na iandikwe kwa herufi zinazosomeka, sawa na jina lake.

Nasi wapenzi wa ushairi tuna kazi nyepesi kuliko zote, nayo ni kuuliza. Nilimuuliza yule muuzaji kwa mara ya tatu. Safari hii hakucheka. Alikigeuza kinyago juu chini, akatazama kitakoni, akapangusa vumbi kwa kidole gumba. Palikuwa na herufi mbili zilizokwaruzwa kwa ncha ya kisu, ndogo sana, mahali ambapo mnunuzi hatazami. Alikuwa amevipanga vinyago vile kwa miaka mingi na hakuwahi kuziona. Mchongaji alikuwa amejitaja, kama watunzi wetu, katika ubeti wa mwisho.